Kupanga safari ya Ureno: kutoka foleni ya viza hadi sahani ya pweza

Ureno ni nchi ndogo. Tanzania ingeimeza mara 10, na mtu akipanda treni Porto asubuhi, jioni yuko Faro, nchi nzima ameimaliza. Udogo huo ndio unaowaponza wasafiri. Mtu ana siku 10 za likizo, anaandika Lisbon, Sintra, Porto, Coimbra na Algarve, juu yake anabandika kisiwa cha Madeira, halafu likizo inaishia vituoni akiburuta begi. Mwongozo huu ni wa anayetoka Afrika Mashariki, au Mswahili anayeishi Ghuba au Uingereza, ambaye anataka jua, bahari na historia kidogo bila kukimbizana. Msimamo wangu ni makao mawili tu, Lisbon kisha mashariki ya Algarve, yaani pwani ya kusini, na mipango yote ihesabiwe kurudi nyuma kuanzia siku ya kuondoka.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Usianze na hoteli, anza na kalenda. Julai na Agosti jua ni la uhakika, lakini nusu ya Ulaya iko likizoni huko huko. Vyumba vinapanda bei, fukwe zinajaa miavuli, na ndani ya nchi, kwenye jimbo la Alentejo, joto linaweza kupita nyuzi 40. Novemba hadi Machi ni majira ya mvua. Malazi ni nafuu wakati huo, ila ufukweni utakwenda kutembea tu.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani yetu huwa hawaliulizi, kwa kuwa hawajawahi kuwa na sababu ya kuuliza: maji yenyewe yakoje? Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja amezoea bahari ya uvuguvugu mwaka mzima. Bahari ya Ureno ni Atlantiki. Karibu na Lisbon, hata katikati ya Agosti, maji huwa kwenye nyuzi 17 hadi 20. Upepo wa kaskazini, ambao wenyewe huuita *nortada*, husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kina kirefu hupanda kushika nafasi yake. Utawaona wenyeji wakiingia kwa hatua, wanalowanisha viganja, wanajipaka shingoni, wanasubiri, ndipo wanazama. Fanya kama wao. Algarve imeelekea kusini na imekingwa na upepo huo, kwa hiyo maji yake hufika nyuzi 21 au 22, na kadiri unavyokwenda mashariki kuelekea mpaka wa Uhispania yanazidi kuwa afadhali. Kwa vile bahari huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, Septemba ni bora kuliko Juni kwa mwenye nia ya kuogelea.

Jibu langu basi ni katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Anayependa sherehe kuliko bahari aende Juni. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, Lisbon husherehekea Mtakatifu Antonio na mitaa ya Alfama hujaa moshi wa sadini za kuchoma. Usiku wa tarehe 23 ni zamu ya Porto, watu wazima hugongana vichwani kwa nyundo za plastiki na hakuna anayekasirika.

Kwa wanaoswali: mwishoni mwa Juni, Lisbon, Magharibi huingia kama saa tatu na dakika tano usiku, na Isha inakaribia saa tano. Panga chakula na usingizi wako ukilijua hilo. Saa za Ureno ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 2 wakati wa kiangazi, na kwa saa 3 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Hatua ya 2: Viza, na hapa usiharakishe

Pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zinahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa kundi la nchi za Ulaya, kuingia Ureno. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Kwa hiyo safari ya Septemba huanza kushughulikiwa Aprili au Mei. Sehemu nyingi kinachochelewesha ni miadi ya kupeleka karatasi, kuliko hata uamuzi wenyewe.

Kanuni ya kwanza: unaomba viza kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Ukipanga usiku 4 Paris na 6 Ureno, unaomba Ureno. Usiku ukilingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia. Watu hukataliwa kwa sababu ya hesabu ndogo kama hii.

Kanuni ya pili: unaomba ukiwa katika nchi unayoishi kihalali. Mkenya mwenye ukaazi wa Dubai anaomba Dubai, na kibali chake kiwe bado na uhai wa kutosha baada ya tarehe ya kurudi. Ukaazi wa Uingereza, au hata kadi ya kijani ya Marekani, haukuondolei viza. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kwa mfano Ujerumani au Uswidi, yeye hahitaji viza nyingine kwa matembezi yasiyozidi siku 90 ndani ya siku 180.

Si kila mji mkuu wa kwetu una ofisi inayotoa viza ya Ureno. Ingia kwenye tovuti ya viza ya serikali ya Ureno uone ubalozi gani unashughulikia nchi yako, kabla hujakata tiketi ya basi kwenda mjini. Vishoka wanaojidai wana "mtu ndani" waache walipo. Karatasi zinazotakiwa zinajulikana na wewe mwenyewe unaziweza:

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa 2 tupu, na itakayoendelea kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen.
- Fomu na picha za milimita 35 kwa 45.
- Bima ya safari isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen na inayogharamia matibabu na kurudishwa nyumbani.
- Tiketi ya kwenda na kurudi uliyoiweka bila kuilipia yote, na malazi ya kila usiku. Kila usiku, hata ule mmoja wa katikati.
- Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, au leseni ya biashara na karatasi za kodi kwa mfanyabiashara.
- Taarifa za benki za miezi ya karibuni.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Wakala anayepokea maombi huongeza ada yake. Ukinyimwa viza, fedha hairudi, ila watakuandikia sababu na una haki ya kukata rufaa.

Kuhusu fedha, Ureno ina kiwango chake cha kisheria: euro 75 kwa kila kuingia nchini, na euro 40 kwa kila siku ya kukaa. Siku 10 zinafanya 475. Hiyo ni sakafu tu, usiitegemee peke yake. Anayesoma taarifa yako ya benki anaangalia kama maisha yanayoonekana mle ndani yanaweza kuzaa safari hii. Mshahara wa kawaida kila mwezi, kodi ya nyumba inatoka, salio linapanda kidogo kidogo: hiyo inasomeka vizuri. Akaunti iliyokauka miezi mitano, halafu wiki moja kabla ya maombi ikaingia milioni kadhaa, inazua maswali hata kama fedha ni halali. Kama ni zamu yako ya chama au ya kikoba, au umeuza kiwanja, ambatanisha ushahidi na uieleze kwa sentensi mbili kwenye barua yako ya maelezo.

Barua hiyo iwe ya ukurasa mmoja. Unaeleza unakwenda wapi siku gani, nani analipa, na nini kinakurudisha nyumbani. Anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake aandae ridhaa ya maandishi iliyothibitishwa.

Hatua ya 3: Ndege

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Kigali kwenda Lisbon. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia Istanbul, Dubai au Doha, na unakaguliwa pasipoti Lisbon kwenyewe. Ya pili ni kupitia Amsterdam, Paris au Brussels, na hapo unaingia Schengen kwenye uwanja wa kuunganishia. Tofauti hii ina uzito. Ukipita Amsterdam, foleni ya uhamiaji unaipanga ukiwa na ndege nyingine inakusubiri, kwa hiyo saa moja na robo ya kuunganisha, hata kama mfumo wa tiketi unaikubali, ni kujitafutia presha. Mfumo mpya wa Ulaya wa kuandikisha wageni kwa sura na alama za vidole ulianza Oktoba 2025, na unaongeza muda mezani. Chukua muunganiko wa saa 3.

Jingine: tiketi iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukinunua Nairobi hadi Paris kwa shirika moja, na Paris hadi Lisbon kwa shirika la bei ya chini, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji wala haikurudishii fedha.

Anayekwenda Algarve tu anaweza kutua Faro. Uwanja wa Lisbon, unaoitwa Humberto Delgado, uko karibu sana na mji, na metro ya mstari mwekundu inaanzia hapo hapo. Nunua kadi ya *Navegante* kwenye mashine kwa senti 50, uijaze fedha, utaitumia kwenye metro, tramu, mabasi na vivuko. Kila mtu na kadi yake, msipokezane.

Hatua ya 4: Gawa usiku

Kwa usiku 10 ningefanya hivi: 4 Lisbon, 5 Tavira au Olhão, miji ya mashariki ya Algarve, na 1 wa mwisho Lisbon tena, ili asubuhi ya kuondoka usiwe na treni ya kukimbilia. Porto ni mji mzuri sana na ningeuacha bila kusita. Ni saa 3 kwa treni kuelekea upande usio wako. Mwenye wiki mbili aongeze usiku 3 huko.

Tiketi za treni ni za shirika la CP. Za masafa marefu, ukizinunua mapema kwa mtandao, hupunguzwa bei sana, na kuanzia miaka 65 unalipa nusu ukionyesha pasipoti, kwa hiyo ukisafiri na wazazi usilisahau hilo. Lisbon hadi Faro ni kama saa 3. Treni inavuka mto Tejo juu ya daraja la 25 de Abril. Kaa dirishani: kushoto unaiona sanamu ya Cristo Rei na katikati ya mji, kulia mtaa wa Belém na mdomo wa mto unaofunguka baharini. Faro hadi Tavira ni treni ndogo ya kama dakika 40.

Gari la kukodi silipendekezi kwa mpango huu, labda mkiwa familia yenye watoto. Kule wanaendesha upande wa kulia, na kwenye kipilefti magari yanazunguka kinyume na ulivyozoea. Ukiamua, beba leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. Barabara kuu ya Algarve, A22, iliondolewa tozo Januari 2025, ila nyingine nyingi bado zinatozwa kwa kamera, kwa hiyo waulize wakodishaji kuhusu kifaa cha malipo kabla hujaondoka na gari.

Hatua ya 5: Lisbon kwa miguu

Lisbon imejengwa juu ya vilima, na njia zake za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinang'aa. Mvua ikinyesha kidogo vinateleza kama sabuni. Viatu vyenye soli ya mpira inayoshika ni kitu cha kwanza kwenye begi. Kandambili ziwe za ufukweni.

Tramu namba 28 ndiyo inayopigwa picha, na ndiyo vibaka wanayoipenda. Ukitaka kuipanda, nenda asubuhi mapema kituo cha Martim Moniz, begi liwe kifuani. Mimi ningetembea tu njia ile ile, Graça hadi Alfama ni kuteremka.

Siku moja nzima iende Belém. Kwa msomaji wa Kiswahili, pale ndipo hadithi yetu ya miaka 200 inapoonekana kutoka upande wa pili. Kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos kuna kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498. Kuingia kanisani ni bure, tiketi ni ya ua wa ndani wa monasteri, na foleni ya tiketi si foleni ya kanisa, kwa hiyo soma vibao usije ukasimama saa nzima juani bure. Mnara wa Belém uko mwendo wa robo saa kwa mguu kando ya mto, ila majengo haya hufungwa kwa ukarabati mara kwa mara. Angalia kabla ya kwenda, na kumbuka kuwa makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Kitu ambacho nisingemruhusu Mswahili yeyote akikose kiko kwingine, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Kinaitwa Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha dhahabu kilichomalizwa mwaka 1506 na sonara Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza. Dhahabu yake ni ile ambayo Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alimtoza mtawala wa Kilwa mwaka 1502 kama kodi ya kutopigwa mizinga. Kisogelee. Mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na sura yake, nguo zao zimepakwa rangi za kioo, na juu yao kuna minara myembamba kama sindano. Kazi ya mikono yenyewe ni ya ajabu. Miaka mitatu baada ya kodi hiyo, mwaka 1505, meli za Wareno zilirudi Kilwa na kuuteka mji. Aliyewahi kusimama kwenye magofu ya Husuni Kubwa kule Kilwa atakitazama chombo kile kwa macho tofauti na mtalii wa kutoka Lyon. Hakikisha tu siku hiyo ukumbi wake uko wazi.

Siku nyingine ipe mtaa wa Mouraria na uwanja wa Martim Moniz. Hapo ndipo penye maduka ya Wabangladeshi na Wahindi, nyama ya halali, mchele wa basmati na viungo, hasa mtaa wa Benformoso. Msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Lisbon pia ni makao ya Uimamu wa Ismailia, na Waismailia wengi wa pale ni familia zilizotoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975. Usishangae kumkuta mzee wa Kihindi anayejua bei za Nampula za zamani. Kwenye kiwanja kidogo cha São Domingos, nyuma ya Rossio, hukutana Waafrika wengi, hasa wa Guinea-Bissau. Kaa kwenye benchi ukisikilize Kikrioli.

Sintra ni dakika 40 kwa treni kutoka kituo cha Rossio. Tiketi ya kasri ya Pena ina saa maalum ya kuingia, na kutoka lango la bustani hadi mlango wa kasri kuna mlima wa kupanda. Fika nusu saa kabla.

Hatua ya 6: Algarve, na kwa nini mashariki

Wengi wanaposema Algarve wanamaanisha Albufeira: miamba ya rangi ya chungwa, baa za Kiingereza na watu wengi. Miamba ni mizuri kweli, lakini ni mawe laini. Mwaka 2009 jabali liliporomoka kwenye ufuko wa Maria Luísa na kuua watu 5. Kibao cha hatari kikionyesha mwamba unaanguka, usitandike taulo kivulini mwake hata kama kivuli ni kitamu. Pango maarufu la Benagil siku hizi lina masharti makali: kuogelea kuingia ndani na kushuka mchangani vimekatazwa, unaingia kwa boti au kwa kayaki yenye kiongozi.

Mashariki ni kwingine. Kuanzia Faro kwenda Tavira pwani imefunikwa na Ria Formosa, mkondo wa maji chumvi, matope na visiwa virefu vya mchanga. Ili ufike baharini unapanda kivuko. Olhão kuna boti za kwenda Armona na Culatra, na soko la samaki kwenye majengo mawili ya matofali mekundu kando ya maji. Nenda asubuhi, Jumamosi ndiyo siku yake. Tavira kuna mto unaopita katikati ya mji, mashamba ya chumvi, na boti za kwenda kisiwani.

Kutoka Tavira ni mwendo mfupi hadi Santa Luzia, kijiji kinachojiita mji mkuu wa pweza. Huku kwetu wanawake huchokoa pweza mwambani maji yakitoka. Wavuvi wa Santa Luzia wao kwa miaka mingi walimtega kwa vyungu vya udongo vilivyofungwa kwenye kamba ndefu: pweza anaona shimo, anaingia kupumzika, na asubuhi anavutwa juu akiwa bado yumo ndani. Siku hizi mitego ya matundu ndiyo mingi, ila vyungu bado unaviona vimepangwa gatini. Agiza *polvo à lagareiro*, pweza wa kuoka na viazi, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Hana nazi, na mwanzoni utaitafuta. Kula hivyo hivyo.

Jirani na hapo ni ufuko wa Barril. Unavuka daraja dogo, kisha unatembea au unapanda kitreni hadi mchangani, na unakuta mamia ya nanga zenye kutu zimepangwa kwenye vilima vya mchanga. Zilikuwa za mitego mikubwa ya jodari. Jodari walipoadimika katika karne ya 20, kazi ikafa na nanga zikabaki.

Toa siku moja kwenda Lagos, upande wa magharibi, kwa treni yenye kubadilisha Faro. Amka mapema, ni zaidi ya saa 2. Miamba ya Ponta da Piedade ni sababu tosha, lakini Lagos ndipo mwaka 1444 waliposhushwa mateka Waafrika 235 na kugawanywa mbele ya umma, mwanzo wa biashara ya utumwa ya Atlantiki barani Ulaya. Jengo linaloitwa Mercado de Escravos, yaani soko la watumwa, sasa ni makumbusho madogo. Mwaka 2009, walipochimba eneo la kuegesha magari nje kidogo ya kuta za mji, waligundua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 iliyotupwa jalalani. Ziara haizidi saa moja. Ifanye kabla ya kwenda ufukweni, baada ya kuogelea hutakuwa na moyo wa kuingia.

Bendera za ufukweni: kijani ogelea, njano ingia bila kuogelea, nyekundu usiingie kabisa. Yenye miraba ya buluu na nyeupe ina maana mlinzi ameondoka kwa muda.

Hatua ya 7: Chakula, fedha na vidogo vidogo

Ukikaa mkahawani, mkate, zeituni na jibini huletwa mezani kabla hujaagiza. Si zawadi. Ukigusa unalipa, usipotaka sema "não, obrigado", au "obrigada" kama wewe ni mwanamke, na watavirudisha bila kununa. Mchana tafuta *prato do dia*, chakula cha siku, ndipo utakaposhiba kwa bei ya wenyeji. Kahawa ya kusimama kaunta ni kama euro 1, na kukaa nje kwenye meza kunaipandisha.

Wasiokula nguruwe wawe macho. Supu ya *caldo verde* inaonekana ni mboga tupu, kumbe ina vipande vya soseji ya nguruwe, na hata maharage mara nyingi hupikwa na mafuta yake. Uliza "tem porco?" kila mahali, hata kwenye keki. Samaki wa kuchoma ndiye rafiki yako: sadini kiangazi, na chewa mkavu wa chumvi, *bacalhau*, mwaka mzima. Kijiji cha Guia karibu na Albufeira kina sifa ya kuku wa kuchoma wa piri-piri, ila wa halali utamtafuta Lisbon.

Kadi hupokelewa karibu kote, lakini mikahawa midogo mingine huchukua kadi za Ureno tu, kwa hiyo usikose euro 50 taslimu. Toa fedha kwenye mashine za *Multibanco* zilizoko kwenye kuta za benki. Mashine za watalii zilizotapakaa mitaani hutoza zaidi. Mashine ikikuuliza kama unataka ikukate kwa shilingi, kataa, chagua euro. Waarifu benki yako kabla ya kuondoka, na kama unatumia M-Pesa Kenya, fungua kadi yake ya mtandaoni iwe akiba.

Lisbon hutoza wageni kodi ya euro 4 kwa usiku, hadi usiku 7, na mara nyingi unalipia mapokezi hata kama chumba kimeshalipwa. Soketi ni za matundu mawili ya duara, beba adapta. Maji ya bomba yananyweka. Duka la dawa lina msalaba wa kijani. Dharura ni 112. Beba sweta hata Agosti, upepo wa jioni Lisbon haujali kwamba mchana ulikuwa wa joto.

Siku ya kuondoka fika uwanjani saa 3 kabla, kwa kuwa baada ya ukaguzi wa mizigo kuna foleni nyingine ya pasipoti kwa wanaotoka Schengen. Kama umenunua sadini za kopo za kupelekea watu nyumbani, na makopo yake ni mazuri kiasi kwamba utanunua, yaweke kwenye begi la kupakia. Kwenye begi la mkononi mafuta yake huhesabiwa kama kimiminika na yanaweza kuishia kwenye pipa la ukaguzi.